Tifutifu ya Gilgil ama udongo mweusi wa Kano: shamba la malisho ukodi wapi?

Tangu nianze kuuza hei watu wamekuwa wakinipigia na swali moja, na huwa nawajibu vipande vipande kwa simu, sasa wacha niandike yote pahali pamoja. Swali ni hili: uko na pesa ya kukodi kama ekari 20 za malisho, shamba moja liko upande wa Gilgil, Nakuru, kwa huu udongo tifutifu wa majivu ya volkano, lingine liko Kano, Kisumu, karibu na Ahero kwa ule udongo mweusi wa pamba. Yote mawili ukiyaangalia ni meusi, na wenye mashamba wote wawili wanakuapia ni rutuba tupu, sasa unachukua gani?

Mimi nilizaliwa Gilgil nikaolewa Kano, na ng'ombe nimelisha pande zote mbili. Nitasema mapema nimeegemea wapi: kama unataka nyasi ya kupanda na kukata, chukua tifutifu. Kama unataka pa kupumzishia mifugo wakati kwingine kumekauka, Kano iko na faida ambayo Gilgil haikupi. Lakini kabla ya kufika hapo kuna mambo ya udongo wenyewe lazima uelewe, juu ukichagua kwa rangi utaumia.

Weusi wa hizi udongo mbili hautoki pahali pamoja. Ule wa Gilgil, Njoro mpaka Rongai ni weusi wa mboji, yaani mizizi na majani ya nyasi yaliyooza miaka mingi yakashikwa na madini ya majivu ya volkano, na hayo madini hushika mboji vizuri sana haiishi haraka. Ule wa Kano unaweza kuwa mweusi tititi na mboji ndani ikiwa kidogo tu, kwa sababu ni mfinyanzi wa aina yake uliofungamana na mboji hiyo kidogo ukachukua rangi yote. Kwa hivyo mtu akikwambia "angalia vile udongo ni mweusi" bado hajakwambia kitu.

Kitu cha kuangalia ni ukubwa wa chembe. Udongo wowote uko na chembe za aina tatu, mchanga ambao ni milimita 2 kushuka hadi 0.05, alafu silti ambayo ukiisugua kwa vidole unahisi kama unga wa ngano, hio ni 0.05 hadi 0.002, alafu mfinyanzi chini ya hapo kabisa. Tifutifu ni ule mchanganyiko ambao hakuna mmoja anayetawala mwenzake. Kwa kipimo kinachotumika sana mfinyanzi wake ni kati ya asilimia 7 na 27, silti 28 mpaka 50, mchanga usizidi 52. Udongo wa pamba mfinyanzi huanzia asilimia 30 na mara nyingi unapita 50, na huo mfinyanzi si wa kawaida, ni ule unaofura ukinywa maji na kunywea ukikauka.

Hapo ndo tofauti yote inatoka. Chukua maji kwanza.

Tifutifu hupokea mvua kama milimita 10 hadi 20 kwa saa, mfinyanzi hupokea 1 hadi 5 tu. Sasa wewe unajua mvua ya kwetu, iwe Nakuru iwe Kisumu, ikiamua inamwaga milimita 30 kwa saa moja na huuliziwi. Kwa tifutifu yenye nyasi imefunika vizuri sehemu kubwa inaingia, kwa Kano mvua za kwanza zinaingia kwa nyufa mbio sana mpaka unafurahi, alafu udongo unafura nyufa zinajifunga, na kuanzia hapo maji yanakaa juu kama karai. Ukija kwa kuweka akiba Kano inashinda, mfinyanzi unaweza kuweka milimita 175 hadi 250 za maji ya kutumika na mmea kwa kila mita moja ya kina, tifutifu ya kawaida ni 100 hadi 175. Ile ya majivu ya volkano huwa inazidi tifutifu ya kawaida juu imejaa vishimo vidogo ndani kama sponji, lakini inategemea kina, na hii ya kina nitairudia kwa sababu ndo imewalia watu pesa.

Baba mkwe wangu, mzee ambaye amechunga kwa hio tambarare maisha yake yote, alinieleza hii mambo kabla sijaisoma pahali popote. Mwaka wangu wa kwanza pale nilitaka kupeleka ng'ombe kwa shamba siku moja baada ya mvua, akanisimamisha kwa lango. Huwa ananiita Nyar Nakuru, yaani binti wa Nakuru.

"Nyar Nakuru, ngoja kwanza. Hii udongo iko na saa yake."

"Baba, lakini nyasi imemea vizuri, tuziache na njaa?"

"Nyasi imemea, ndio. Lakini ng'ombe akitoboa hapa leo, hio shimo utaikuta Desemba. Asubuhi hii udongo ni ugali, jioni ni jiwe. Wewe utafute hapo katikati."

Na ni kweli kabisa. Kwato zikipiga udongo wa pamba ukiwa umelowa zinaufinyanga, hewa inatoka, mizizi inakatika, na ukikauka unakuwa kama tofali, nyasi ya mwaka ujao inamea kwa vijiti. Gilgil mvua ikinyesha usiku mara nyingi kesho yake mchana unafungulia ng'ombe na hakuna mtu anakushtua. Hii peke yake kwangu ni sababu kubwa kuliko ata rutuba, kwa sababu malisho ni siku, unahesabu ni siku ngapi kwa mwaka mifugo yako inaweza kusimama kwa hio ardhi bila kuiharibu.

Majina ya wataalamu

Najua watu wakiona haya majina wanaruka, tafadhali usiruke, kwa sababu ukipeleka udongo kupimwa ama ukisoma ripoti ya shamba utayakuta na yako na kazi.

Kuna njia mbili kubwa za kupanga udongo duniani. Moja ni ya Marekani, ilichapishwa 1975 ikafanyiwa marekebisho 1999, iko na koo 12. Ingine ni ya kimataifa, ilitoka 1998, sai iko na makundi 32, na hio ndo mara nyingi hutumika huku kwetu. Udongo wa pamba wa Kano kwa zote mbili ni Vertisoli, jina lenyewe limetoka kwa neno la Kilatini la kugeuza, kwa sababu udongo wa juu huanguka ndani ya nyufa kiangazi, ukifura unasukumana chini kwa chini, kwa hivyo miaka ikienda unajigeuza wenyewe. Ndo unaona nguzo za ua kule zinalala na nyumba zinapasuka ukuta. Ukikodi Kano weka hesabu ya kurekebisha ua kila mwaka, si kasoro ya fundi.

Tifutifu ya Gilgil ndo iko na mambo, inaweza kuwa vitu viwili. Ikiwa bado iko na tabia kali ya majivu inaitwa Andosoli, hio ni nyepesi ajabu, lita moja ya udongo ambao haujavurugwa haizidi gramu 900 ukikauka, wakati udongo wa kawaida ni kama 1,300. Ukiisugua ikiwa na unyevu kwa vidole kwanza inahisi kavu, alafu ghafla inateleza kama sabuni inaachilia maji. Ikiwa majivu yamezeeka, tabaka la juu likawa jeusi, laini, nene kuanzia sentimita 20, na lina madini ya kutosha kama kalisi na magnesi, inaingia kwa Feozemu, ambayo kwa mpango wa Marekani ni Molisoli, ukoo ule ule wa zile tambarare kubwa za nyasi za Marekani, na ndugu yake ni ule udongo mweusi wa Ukraina. Yaani nyasi yenyewe ndo imeujenga huo udongo, kila mwaka mizizi inakufa inaacha mboji chini. Ukipata hio kwa bei ya kawaida usilale.

Mbona utofautishe Andosoli na Feozemu kama zote ni tifutifu? Kwa sababu ya fosforasi. Andosoli hunyakua fosforasi unayoweka ikaificha mmea usiipate. Ukimwaga mbolea ya kupandia shamba zima kwa Andosoli umelisha udongo haujalisha nyasi, hapo unaweka karibu na mbegu kwa mstari na unachanganya na samadi iliyoiva. Kwa Feozemu shida hio ni ndogo.

Ramani nayo inasaidia lakini usiitegemee peke yake. Ile ramani kubwa ya udongo wa Kenya iliyotoka 1982 ni ya kipimo cha moja kwa milioni moja, maana yake milimita moja ya mraba kwa karatasi ni kilomita moja ya mraba kwa ardhi, na hizo ni ekari 247. Shamba lako la ekari 20 halionekani hapo ata kama nukta. Itakwambia eneo ni la aina gani, shamba lenyewe lazima uchimbe.

Chimba, usiogope jasho

Gilgil nenda na jembe na mtu wa kukusaidia, chimba mita moja, sehemu tatu tofauti za shamba. Unatafuta tabaka jeusi linaishia wapi. Kuna mashamba mawili yanapakana, nyasi juu inafanana, moja lina udongo mweusi sentimita 60, la pili sentimita 15 alafu ni pamisi tupu, vile vijiwe vyepesi vya volkano vinavyoelea ukivitupa kwa maji. Mvua ikiwa nzuri huwezi jua tofauti. Ikikatika wiki tatu lile la pamisi linageuka rangi ya ngano na la jirani bado ni kijani. Nimeona mtu amelipa kodi ya miaka mitatu mbele bila kuchimba ata shimo moja, msimu wa pili alikuwa ananunua hei kwangu, na ilinihuzunisha kwa sababu shimo lingemchukua asubuhi moja tu. Pia angalia leleshwa, kile kichaka cha porini, ikiwa imefunga shamba zito mara nyingi hapo palilishwa kupita kiasi na kazi ya kurudisha nyasi itakuwa yako.

Njia ya haraka ya kujua ni tifutifu kweli, lowesha udongo kiganjani, fanya donge, alafu usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Tifutifu inakatika kabla ya sentimita 2.5. Ikifika kati ya 2.5 na 5 ni tifutifu ya mfinyanzi, ikipita 5 bila kukatika hapo uko kwa mfinyanzi kamili, na wa Kano unapita bila shida. Jihadhari tu na majivu, huwa yanadanganya vidole kidogo, kwa hivyo ukiwa na wasiwasi tia udongo kwa chupa ya maji tikisa uache, mchanga unashuka kwa dakika moja hivi, silti kwa masaa, mfinyanzi unaweza kukaa siku nzima maji bado yana ukungu.

Kano unaangalia vitu vingine. Nenda kiangazi uone upana wa nyufa, nenda tena masika uone maji yanasimama wapi na siku ngapi, usikubali kuonyeshwa shamba mara moja tu. Uliza majirani mto Nyando hufika wapi ukivunja kingo. Alafu tafuta mabaka yasiyo na nyasi yenye ukoko mweupe ama udongo wa juu wa kijivu umekalia tabaka gumu kama sakafu, hio si Vertisoli tena, mara nyingi ni Planosoli na kuna chumvi ya sodiamu chini. Huo udongo ukichokozwa na kwato unayeyuka kwa maji kama sukari. Anayetaka kuona mwisho wake aende Nyakach aangalie korongo la Katuk Odeyo, limemeza mashamba ya watu na barabara, mimi nikipita pale huwa nanyamaza tu.

Nyasi gani, ng'ombe gani

Nyasi ya Boma Rhodes kwa tifutifu ni kama imezaliwa hapo. Mbegu ni ndogo sana, inataka udongo laini uliotulia, uifunike sentimita moja ama mbili basi. Nilijaribu kuipanda Kano ekari mbili, udongo ulikuwa mabonge makubwa kama ngumi, mbegu nyingine ikaingia kwa nyufa, ile iliyomea ikapigwa na maji yaliyosimama, nilivuna mashimo. Kule afadhali uboreshe nyasi iliyopo ama upande nyasi ya setaria ya Nandi, hio inavumilia miguu kuwa kwa maji. Na trekta ya kukata na kufunga beli lazima iingie siku nyasi imefika, si siku udongo umekubali, ndo maana hei ya biashara mimi nafanyia Gilgil.

Lakini tifutifu ya huku iko na ugonjwa wake na wengi hawaujui. Majivu haya yamekosa madini fulani madogo. Kitambo ng'ombe wa Nakuru walikuwa wanakonda wakiwa ndani ya nyasi ya kijani mpaka ule ugonjwa ukapewa jina la mji, wakauita nakuruitisi, kumbe ni ukosefu wa kobalti, ambayo vijidudu vya tumbo la ng'ombe hutumia kutengeneza vitamini B12. Shaba nayo ni kidogo, wakulima wa ngano wa Njoro wanaijua hio vizuri. Dawa ni rahisi, nunua chumvi ya mifugo ambayo kwa paketi imeandikwa kobalti na shaba, usiweke magadi peke yake ukadhani umemaliza. La pili ni maji ya visima vya kuchimba, mengi upande wa Nakuru na Naivasha yana floraidi nyingi, inaharibu meno ya watoto na ya ng'ombe pia, na ng'ombe meno yakiisha hali tena. Pima maji kabla ya kusaini kodi.

Na lingine ni vumbi. Watu husema jina Nakuru limetoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi, na ukilima tifutifu ya majivu mara nyingi ama ukiilisha mpaka ardhi ikabaki uchi utaelewa, upepo wa Januari unabeba ule udongo mzuri wa juu unauona ukienda. Acha kimo cha vidole vinne cha nyasi kabla ya kuhamisha mifugo.

Kano hasara zake nimesema, niongeze tu kwato zinazooza na minyoo ya ini, kwa sababu konokono wake wanapenda pale maji yamesimama. Faida yake ni kalenda. Mfinyanzi unashikilia unyevu chini muda mrefu, ukingo wa mto unabaki na kijani wakati Gilgil imekuwa manjano, na wakulima wa mpunga wa Ahero wakishavuna kuna mabua ambayo ukiongea nao vizuri mapema unapata kwa bei ya kuelewana. Udongo wenyewe hauna asidi, kalisi iko ya kutosha. Mtu wa mbuzi na ng'ombe wa kienyeji hatajuta sana pale, mtu wa ng'ombe wa gredi ningemwambia afikirie mara mbili, Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari na Nakuru 1,850, joto peke yake linakula maziwa.

Wa Vihiga na Kakamega wanaoniuliza kuhusu udongo mwekundu, huo ni mzuri kwa nepia na kufuga ndani lakini vipande ni vidogo na mara nyingi una asidi, kukodi kwa ajili ya kuchunga sioni ikilipa.

Kama lazima uchague moja na ni mara yako ya kwanza, chukua Gilgil, lakini lile shamba ambalo shimo limeonyesha weusi kupita sentimita 40, na kodi ya mwaka mmoja kwanza. Kano usikodi mwaka mzima, ongea miezi ya kiangazi pekee, na iandikwe kwa karatasi kwamba mvua ikianza unatoa mifugo na hulipi miezi ambayo hujaitumia. Wenye mashamba wa huko wanaelewa hio lugha, udongo wao wanaujua.

Mimi mwaka huu ekari 12 za Gilgil nimezifungia hei na sijaruhusu ata ndama aingie. Ng'ombe saba walishuka Kano wiki jana kwa lori, mpunga ulikuwa umeshavunwa na nyufa ndo zinaanza kufunguka, Baba akanipigia jioni kuniambia wamefika salama na udongo uko katikati.